Shume Imeunganishwa. Je, Mvua Ikinyesha?

Kuna neno moja ambalo sisi waandishi wa habari tunalipenda kupita kiasi kila tunapoandika habari za umeme vijijini. Neno lenyewe ni "kimeunganishwa". Kijiji fulani kimeunganishwa. Mgeni rasmi amekata utepe, amebonyeza swichi, akina mama wamepiga vigelegele, picha imetoka ukurasa wa tatu. Kesho yake tumeshahamia kwenye habari nyingine. Sijawahi kumsikia mhariri akimwambia mwandishi wake, "Rudi kule wakati wa masika ukaangalie kama ile taa bado inawaka."

Basi leo naomba tuongee kuhusu masika. Na naomba tuongee tukiwa Shume, maana mambo ya umeme tukiyaongelea Dar es Salaam huwa tunaishia kulalamikia feni na friji.

Kwa wale mnaoijua milima ya Usambara kwa picha za kalenda tu, Shume iko hivi. Unatoka Mombo kule chini kwenye joto, unapanda kona kwa kona kupitia Soni mpaka Lushoto mjini. Ukidhani umefika, bado. Unapita Magamba, unaingia kwenye msitu, unazidi kupanda. Shume iko kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa saba huko watu wanavaa makoti na ukungu unaingia mpaka sebuleni. Kabichi, karoti na viazi unavyovikuta sokoni Kariakoo, vingine vinatoka milima hiyo. Kuna msitu wa asili wa Magamba, kuna shamba la miti la Serikali lenye misonobari iliyopangwa kama askari wa gwaride, na katikati yake kuna mashamba ya watu yenye mikalatusi, miwati na migrivelia kwenye mipaka.

Ni mahali pazuri sana kwa macho. Kwa waya wa umeme, ni mahali pa kuogopa. Weka pamoja miti mirefu, miteremko mikali, udongo unaolainika kwa mvua, upepo, radi na barabara inayoweza kuzibwa na maporomoko. Sasa pitisha nguzo na waya katikati ya hivyo vyote, halafu subiri Aprili.

Hapo ndipo ninapotaka kutenganisha vitu viwili ambavyo tunavichanganya kila siku. Sisi tuliozaliwa miaka ya mwisho ya 1990 tumekulia kwenye mgao. Tunakumbuka kelele za mtaa mzima, "Umeme umerudiii!" Kwa hiyo kwa akili zetu, umeme ukikatika maana yake umeme hautoshi. Mwaka 2006 na mwaka 2011 hiyo ilikuwa kweli, mabwawa yalikauka na nchi ikakosa umeme. Lakini tangu hapo mambo yamebadilika. Bwawa la Julius Nyerere limekamilika, mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Machi 2024 tulisoma hata habari kwamba vituo 5 vya umeme wa maji vilizimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Na Mkoa wa Tanga wenyewe si mgeni kwenye uzalishaji, maana maporomoko ya mto Pangani yamekuwa yakitoa umeme tangu miaka ya 1930. Kituo cha Hale ni cha mwaka 1964, na kile kipya cha Pangani cha megawati 68 ni cha mwaka 1995.

Sasa niambie, megawati zote hizo zinamsaidia nini mtu wa Shume kama mkalatusi mmoja umelalia waya? Unaweza kuongeza bwawa jingine kama la Nyerere na huyo mtu akabaki gizani vile vile. Tatizo lake liko kwenye njia, kwenye ile laini ya msongo wa kilovolti 33 au 11 inayopita porini, na zile nyaya ndogo zinazoshuka mpaka nyumbani kwake.

Hebu tufuate usiku mmoja wa mvua hatua kwa hatua, maana humo ndimo ulimo ukweli wa jambo hili.

Mvua imenyesha siku tatu. Udongo umekunywa maji mpaka umeshiba. Juu ya barabara, kwenye ukingo uliochongwa, kuna mti ambao mizizi yake haina tena pa kushika. Saa sita usiku unapigwa na upepo, unaanguka, unagusa laini kubwa. Kifaa cha ulinzi kinafanya kazi yake na kuikata laini, na kinafanya vizuri, kwa sababu waya ulioanguka ukiwa na moto unaua. Lakini laini ya usambazaji ya vijijini imejengwa kama mti wenyewe, shina moja na matawi mengi. Kama hakuna swichi za kutosha za kuitenga ile sehemu mbovu, tawi moja likiumia shina zima linazimika. Vijiji ambavyo havina hata jani lililoanguka navyo vinakaa gizani.

Asubuhi mafundi wanapata taarifa kwamba laini imeanguka. Imeangukia wapi? Hakuna anayejua. Inabidi watoke, wapande mlima kwenye matope, wakute barabara imezibwa, washuke kwenye gari, watembee kwa miguu chini ya laini wakiangalia juu nguzo kwa nguzo, kwenye ukungu ambao hauoni mbele. Wakiukuta ule mti, kuukata na kuunga waya inaweza kuwa kazi ya saa moja au mbili tu. Muda mwingine wote umeliwa na kutafuta na kufika.

Naomba mlishike hilo, maana ndiyo hoja yangu kubwa leo. Tunapozungumzia umeme wa uhakika wakati wa mvua kubwa, watu wanafikiria mitambo mikubwa na mabilioni. Mengi ya yale yanayomuumiza mtu wa Shume ni mambo ya kawaida kabisa, mti ambao haukukatwa mwezi wa pili, swichi ambayo haipo, nguzo ya akiba iliyoko mjini wakati barabara imekatika.

Tuanze na miti. Wengi watasema si wakate tu, kuna shida gani? Shida zipo. Kwanza, mkalatusi ukiukata haufi. Unachipua, tena unachipua mashina matatu pale ulipokata moja, na baada ya misimu michache yanaifikia laini tena. Pili, kwa mkulima wa Usambara mti ni benki. Mikalatusi ile ndiyo ada ya mtoto. Fundi akija na msumeno bila kuzungumza na mtu, hiyo ni vita.

Na watu wa milima hii wana historia ya kukataa amri za kutoka juu. Miaka ya 1940 na 1950 Waingereza walikuja na mpango wa kuhifadhi udongo, wakianzia bonde la Mlalo, wakawalazimisha watu kuchimba matuta. Lengo kwenye karatasi lilikuwa jema, kuzuia mmomonyoko. Watu waliupinga mpaka ukafa, kwa sababu walilazimishwa kazi ambayo hawakuulizwa. Anayetaka kusafisha mkuza wa umeme Usambara leo afikirie hilo kwanza. Akae na serikali ya kijiji, walipe vikundi vya vijana wa pale pale kufyeka mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, na wakubaliane chini ya waya kipandwe nini. Kabichi haijawahi kuangukia waya. Viazi pia. Maharage je? Mkulima haachi ardhi yake, anabadilisha zao tu kwenye ule ukanda.

Lakini kuna mahali ambapo huwezi kukata. Msitu wa hifadhi ni msitu wa hifadhi, na ndio unaotunza vyanzo vya maji. Hapo kuna teknolojia ambayo si ya ajabu wala ngeni duniani, yaani waya wa msongo mkubwa uliovikwa ganda la plastiki. Tawi likiugusa, au nyaya mbili zikigongana kwa upepo, laini haizimiki hapo hapo. Ni ghali kuliko waya mtupu, na una kasoro yake, kwa sababu ukianguka chini mitambo ya ulinzi inaweza isijue, kwa hiyo lazima ukaguliwe. Ila huuhitaji Tanzania nzima. Unauhitaji kwenye zile kilomita zinazopita katikati ya miti.

Halafu swichi. Makosa mengi ya laini za juu ni ya muda mfupi. Tawi linagusa na kuanguka, radi inapiga mara moja na kupita. Kuna swichi za nguzoni ambazo hukata, husubiri sekunde chache, hurudisha zenyewe, na kosa likiwa bado lipo hukata moja kwa moja. Ukiweka hizo mahali pazuri, ukaongeza fyuzi kwenye kila tawi na vile vitaa vidogo vinavyobanwa kwenye waya na kumweka pale umeme wa hitilafu ulipopita, fundi hatembei tena mlima mzima. Anajua aende wapi, na kijiji ambacho hakina tatizo kinaendelea kuwaka.

Nguzo nazo. Ya mti huozea pale inapoingia ardhini, mahali ambapo jicho halioni vizuri. Siku hizi tunasikia habari za nguzo za zege, na kwenye maeneo yenye maji mengi zina faida kubwa. Lakini nguzo ya zege ni nzito. Kando ya barabara lori na winchi vitafika, ila kwenye mteremko ambao hata ng'ombe anaukwepa utaipandishaje? Huko itabaki nguzo ya mti, na ikibaki basi ikaguliwe kila mwaka, na isichimbiwe kwenye ukingo uliochongwa jana. Nani asiyejua udongo wa milima hii unavyohama? Novemba 2009 jirani zetu wa Mamba Miamba, kwenye milima ya Upare, walifukiwa na maporomoko na watu wakafa. Tarehe 3 Desemba 2023 ikawa Hanang. Mvua za namna hiyo haziulizi nguzo imechimbiwa na mkandarasi gani.

Kuna kitu kimoja cha historia ya Shume ambacho huwa kinanifikirisha. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilikuwa ikivuna mitarakwa huko juu. Walijenga njia ya kamba za chuma ikining'inia hewani, ikishusha mbao na magogo kutoka Shume mpaka stesheni ya Mkumbara kwenye reli ya Tanga. Siwasifii, maana ardhi haikuwa yao na mbao hazikuwa zao. Ninachosema ni kwamba walipotaka mali ya mlima waliujengea mlima kitu cha mlima. Miaka zaidi ya 100 baadaye, sisi tunaompelekea mwananchi umeme wake kwenye ukingo ule ule hatuna sababu ya kumjengea laini kama ile ya kupita tambarare, halafu tukashangaa mvua ikiivunja.

Sasa mtu ataniuliza, na ni swali halali, hivi nchi yenye mahitaji mengi namna hii itumie fedha kumwekea waya wa ganda mkulima wa kabichi? Si afadhali apate umeme wa kukatika-katika kuliko kukosa kabisa?

Nina majibu mawili. La kwanza ni la hesabu. Mita ya LUKU isiyo na umeme haiuzi uniti. Kila saa ambayo laini imelala, shirika halikusanyi kitu, na bado linalipia mafuta ya gari, posho za mafundi na nguzo mpya. Kujenga mara moja vizuri ni gharama. Kujenga vibaya na kurudia kila masika ni gharama pia, ila hiyo hatuioni kwa sababu hailipwi siku moja.

Jibu la pili ni la watu. Umeme unaokatika siku tatu haupungui kwa siku tatu tu. Unaharibu imani. Chanjo nyingi zinatakiwa zikae kati ya nyuzijoto 2 na 8, na friji ya zahanati haijui kwamba mti umeanguka. Maziwa ya jioni hayasubiri fundi. Kijana aliyekopa VICOBA akanunua mashine ya kuchomea vyuma anatakiwa arejeshe kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe. Akikatikiwa mara tatu kwa msimu, msimu ujao hakopi, na mwenzake aliyekuwa anamwangalia naye hakopi. Hapo umeme upo kijijini, lakini uchumi wa umeme haupo.

Na kuna hili la jikoni. Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Sawa, nzuri. Lakini mama wa Shume atanunua jiko la umeme ambalo anajua Aprili litakuwa pambo? Atabaki na kuni. Kuni zinatoka kwenye miti, miti ndiyo inayoshika udongo, na udongo ndio unaoshika nguzo. Unaona tunavyozunguka?

Nchi nyingine zimepitia hapa. Uswidi, nchi ya misitu, Januari 2005 ilipigwa na dhoruba waliyoiita Gudrun. Ilibwaga miti ya mita za ujazo zaidi ya milioni 70, na mamia ya maelfu ya wateja wakakosa umeme, wengine kwa wiki kadhaa katika majira ya baridi. Baada ya hapo wakabadilisha sheria. Kuanzia mwaka 2006 mteja akikaa gizani zaidi ya saa 12 analipwa fidia, na kuanzia mwaka 2011 sheria haikubali umeme ukatike zaidi ya saa 24 kwa sababu ambazo kampuni ilikuwa na uwezo wa kuzizuia. Makampuni yakaanza kufukia nyaya ardhini na kubadilisha nyaya tupu za msituni.

Hatuwezi kuichukua hiyo kama ilivyo. Shirika letu ni la umma, fidia ingetoka kwenye mfuko wetu wenyewe, na kuchimba mwamba wa Usambara kufukia nyaya zote ni ndoto. Kitu ninachowaonea wivu ni swali lao. Waliacha kuuliza "wangapi wameunganishwa?" wakaanza kuuliza "umekatika saa ngapi?"

Sisi bado tuko kwenye swali la kwanza, na tumelijibu vizuri, lazima tukiri. Sheria ya Nishati Vijijini ni ya mwaka 2005, REA ikaanza kazi mwaka 2007, na Serikali inasema vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara sasa vimefikiwa, kwa gharama ya kuunganishwa ya shilingi 27,000 kwa mtu wa kijijini. Hayo ni mafanikio na nitamshangaa anayeyabeza. Lakini swali lililojibiwa halihitaji kuulizwa miaka mingine 20.

Swali la pili nalo lina vipimo vyake. EWURA hufuatilia wastani wa saa ambazo mteja anakaa bila umeme na mara ngapi umeme unakatika kwa mwaka. Tatizo la wastani ni kwamba unaficha. Changanya jiji la Tanga na vijiji vya juu ya mlima, upige wastani, na Shume inapotea kabisa kwenye jedwali. Ombi langu ni takwimu zitolewe kwa kila laini, mwezi kwa mwezi, na zibandikwe ofisi ya kata kama yanavyobandikwa matangazo mengine. Hilo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia.

Wala kujiandaa hakuhitaji. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakuja, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema na vyombo vya majini vikasimamishwa. Maana yake tunajua kusikiliza hali ya hewa tukitaka. Utabiri wa masika ukitoka, nguzo za akiba, waya na vikombe vipandishwe mlimani kabla barabara haijakatika, na mafundi wawili watatu wakae huko huko. Zahanati ziwekewe sola ya kutosha friji ya chanjo. Kisha waya wa ganda na swichi vifuate kwa awamu, tukianzia kwenye zile sehemu ambazo takwimu zitakuwa zimetuonyesha ndizo zinazoanguka kila mwaka.

Na sisi wa kalamu tusijitoe. Habari ya umeme haiishi siku ya kukata utepe, inaanza siku hiyo. Wadau mnaotoka Mlalo, Mtae, Bumbuli, Upare, Uluguru, kwenu ikoje mvua ikikolea? Mmekaa siku ngapi?

Mimi nina ombi moja la mwisho. Mgeni rasmi yeyote anayepanga kwenda kuzindua jambo lolote la umeme Shume, ratiba yake isiandikwe Januari wakati jua linawaka. Aje Aprili. Na abebe mabuti.

Naomba kuwasilisha.